Ngoma na Akili ya Mtoto: Somo kwa Wazazi na Walimu wa Shule ya Jumapili



Tulipokuwa walimu wapya tulifundisha darasa la tatu tebo ya saba kwa wimbo. Tulijivuna sana. Watoto waliimba tangu saba mara moja hadi saba mara kumi na mbili, themanini na nne, huku wakipiga makofi na kuyumba kama migomba wakati wa upepo. Mwalimu mkuu alikuwa akipita dirishani na kutabasamu. Baada ya siku chache akaja mkaguzi wa shule, akamsimamisha mtoto mmoja, akamwuliza, "Saba mara nane ni ngapi?" Mtoto akafumba macho, akaanza kuyumba, midomo ikienda polepole tangu saba mara moja. Alipofika mahali pake akafumbua macho akasema, "Hamsini na sita." Tukashusha pumzi. Mkaguzi akauliza tena, "Na nane mara saba?" Mtoto akatuangalia sisi. Wimbo huo hatukuwa tumemfundisha.

Tunakianza somo hili na kisa hicho cha aibu kwa sababu watu wengi husema kwamba nyimbo na michezo ni njia njema ya kufundishia watoto, nao husema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mtoto yule alikuwa na wimbo kinywani na makofi mikononi. Akili yake haikuwa imeulizwa neno lolote. Aliyepanga hatua ni mwalimu, aliyepanga maneno ni mwalimu, na mtoto alibaki kuwa kama kinanda kinachopigwa. Kumbe kucheza kwaweza kumfundisha mtoto kufikiri, na kwaweza pia kumfundisha kutofikiri. Inategemea ni nani anayechagua hatua.

Kasisi wetu ndiye aliyetuomba tuandike. Kama mjuavyo, walimu wa Shule ya Jumapili katika mtaa mmoja wa parishi yetu wameanza kufundisha mifano ya Bwana Yesu na hesabu kidogo kwa kuwachezesha watoto, kwa ngoma na kwa miendo ya kubuni wenyewe. Wazazi wengine wamefurahi. Wengine wamewatoa watoto wao. Wazee wawili wameomba jambo hili liletwe mbele ya halmashauri ya parishi ili lipigwe marufuku. Sisi tulifundisha shule za msingi, kisha tukawa wakufunzi katika chuo cha ualimu mpaka tulipostaafu, na jambo hili tumelishika mikononi kwa miaka mingi. Tungependa halmashauri itakapokaa, iwe imelielewa kwanza.

HOFU YA WAZEE WETU

Kwanza tuwatendee haki wazee. Si watu wa kubeza. Katika nchi hii ya Buhaya ngoma haikuwa mchezo tu. Palikuwa na ngoma za embandwa, za kuita pepo na kutambika. Palikuwa na ngoma zilizokesha pamoja na rubisi, na asubuhi yake nyumba nyingi zililia. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipovuka na kuingia kwetu, watu waliookoka waliacha ngoma kama walivyoacha hirizi. Waliiacha kwa gharama. Walichekwa na ndugu zao. Basi leo mjukuu akirudi nyumbani Jumapili na kusema, "Babu, leo tumecheza ngoma kanisani," tusishangae babu akiweka kikombe chini.

Lakini Maandiko nayo yapo. Miriamu alishika tari baada ya Bahari ya Shamu, na wanawake wakamfuata kwa kucheza (Kutoka 15). Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana (2 Samweli 6), na Zaburi ya 149 na ya 150 zinataka Bwana asifiwe kwa kucheza. Mikali binti Sauli alimdharau Daudi moyoni, lakini hatusemi kwamba kila asiyependa ngoma ni Mikali, la hasha. Tunasema tu kwamba kinachokatazwa ni ile ibada ya zamani na ule ulevi. Miguu haikukatazwa. Tena kwaya zetu zenyewe, zikiwemo zile ambazo wazee hao ni walezi wake, leo haziimbi zikiwa zimesimama wima kama nguzo za simu.

KUCHEZA NA KUFIKIRI HAPA KWETU

Wako wanaodhani kwamba kufundisha kufikiri kwa njia ya kucheza ni jambo la Wazungu. Hebu tutazame nyumbani kwanza.

Wazee watakumbuka omutoro, ngoma ya kishujaa ya kwetu, na desturi ya kwebuga mbele ya abakama wa Ihangiro, wa Kiziba na kwingineko. Mtu alisimama na mkuki wake akajisifu kwa maneno yaliyopangwa kwa ustadi. Hakutosheka kukariri tu ya mwenzake. Alipaswa kuyatunga yake, ayalinganishe na mwendo wa mwili, na ayaseme mbele ya watu wanaojua lugha na watakaomcheka akikosea. Profesa M. M. Mulokozi, ambaye ametafiti kwa miaka mingi utenzi wa enanga na majigambo hayo ya Wahaya, ameonyesha kwamba huo ulikuwa utunzi wa hali ya juu, wala si kelele za walevi.

Ng'ambo ya ziwa, kwa ndugu zetu Wasukuma, mna vyama viwili vya ngoma vilivyo mahasimu tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu. Hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila upande na mganga wake na vituko vyake, na upande unaovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Fikirini maana yake. Kituko cha mwaka jana watu wamekwisha kukiona. Kikundi hakina budi kukaa kitako baada ya mavuno, kiulizane: watu walipenda nini, wenzetu watakuja na nini, sisi tubadili nini? Wengine wakaleta nyoka, wengine wakaleta nungunungu. (Hatuwashauri walimu wa Shule ya Jumapili kuleta nyoka.) Huko ni kupima, kulinganisha na kubuni, na vijana waliyajua hayo kabla ya kuona ubao.

Hayati Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi waliojua rumba na chachacha walikuwa wengi kuliko waliojua ngoma za kwao. Baadaye serikali ikaanzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Lakini ngoma iliyorudi shuleni, kwa maoni yetu, mara nyingi ilirudi kama pambo la kumpokelea mgeni rasmi. Watoto hufundishwa hatua wiki mbili, hucheza dakika tano, mgeni hupiga makofi, kisha ngoma hurudishwa stoo.

Na halaiki je? Halaiki hupendeza macho. Watoto mia tano huinua vitambaa vyekundu kwa pamoja, na mtazamaji husisimka. Sisi wenyewe tumewahi kuwapanga watoto katika halaiki, na tunakiri kwamba humfundisha mtoto utii, subira na kuhesabu hatua. Lakini mtoto atakayefikiri jambo jipya katikati ya halaiki ataiharibu halaiki. Basi walimu tusije tukafanya halaiki ndogo katika Shule ya Jumapili tukasema tumefundisha kufikiri.

WENZETU WA NJE NA WA NDANI

Pale Geneva, Uswisi, aliishi mwalimu wa muziki jina lake Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950). Aliona wanafunzi wake wakijua kusoma noti kitabuni na kuandika majibu, lakini wakishindwa kushika mapigo. Akawaondoa vitini akawaambia watembee: mapigo ya haraka kwa miguu ya haraka, mapigo mazito kwa miguu mizito. Walichokosa kichwani walikipata miguuni. Tulipomsoma tulimkumbuka mtoto wetu wa tebo ya saba, ingawa ugonjwa wake ulikuwa kinyume: yeye alikuwa na mapigo, akakosa maana.

Mwingine ni Rudolf Laban, aliyekimbilia Uingereza kabla ya vita vya pili. Mwaka 1948 alitoa kitabu kuhusu kucheza katika elimu, na shule nyingi za Kiingereza zilimfuata. Yeye hakutaka mtoto afundishwe mitindo ya watu wazima. Alitaka mtoto atambue kwamba kila mwendo una uzito, una wakati, una nafasi na una mtiririko wake. Somo hili ni rahisi kuliko linavyosikika. Mwambie mtoto abebe ndoo ya maji kichwani, ndoo isiyokuwapo. Kisha mwambie ndoo imejaa. Kisha ndoo inavuja. Kisha amechelewa, na ndoo bado imejaa! Kila mara hana budi kuamua: nipunguze nini, nizidishe nini? Watoto wetu wa Bukoba na Muleba, wanaopanda vilima na ndoo za kweli, watamshinda mtoto wa London katika somo hilo.

Hapa Tanzania walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Waliwauliza wanakijiji yanayowasumbua, na moja lililojitokeza lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Vijana wakalifanyia kazi kwa ngoma na maigizo ya hapo hapo kijijini, wakalionyesha hadharani, na baada ya kuonyesha watu wakakaa wakajadiliana chanzo ni nini na nani afanye nini. Kutoka katika kazi za namna hiyo ukazaliwa mpango wa TUSEME mwaka 1996, ambao uliwawezesha wasichana wa sekondari kuchambua matatizo yao kwa njia ya sanaa na kuyasema. Angalieni utaratibu wake: kwanza swali, halafu ngoma, halafu mjadala. Tukiondoa swali na mjadala tumebaki na burudani.

MASOMO TULIYOYAJARIBU

Sasa tuingie jikoni. Tulipokuwa chuoni tuliwapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha wakiwa na masomo ya namna hii, na mwaka huu tumewasaidia walimu wa Shule ya Jumapili kuyarudia.

La kwanza ni la hesabu. Watoto wa darasa la tano husumbuliwa na Kigawe Kidogo cha Shirika. Wagawe watoto makundi mawili, na mmoja apige ngoma mapigo sawasawa huku wote wakihesabu. Kundi la kwanza lirukie kila pigo la pili. Kundi la pili lipige makofi kila pigo la tatu. Waulize kabla hawajaanza: mtakutana wapi? Watakutana kwenye 6, kisha 12, kisha 18, na watoto watafurahi kwa kuwa 2 mara 3 ni 6. Sasa badilisha. Kundi la kwanza liruke kila pigo la nne, la pili lipige makofi kila la sita. Waulize tena watakutana wapi. Karibu wote watasema 24.

Ngoma ikaanza. Wakakutana kwenye 12! Darasa tulilokuwa nalo siku ile lilisimama kimya, kisha likasema mpiga ngoma amekosea. Akarudia. Wakakutana kwenye 12 tena. Wakambadilisha mpiga ngoma. Kumi na mbili ile ile. Hapo mwanachuo aliyekuwa akifundisha alitaka kuwaeleza sababu, nasi tukamfinya mkono anyamaze. Watoto walichuchumaa wakaanza kuchora mistari ardhini kwa vijiti, na kipindi kikaisha hawajapata. Kesho yake msichana mmoja alikuja na jibu kabla ya kengele: nne na sita zote "zina mbili ndani," na hiyo mbili wao waliihesabu mara mbili. Hakuna mtu aliyemwimbia wimbo huo.

La pili ni la kibanja. Mnakumbuka mnyauko wa migomba ulivyotuingilia hapa Kagera katikati ya miaka ya 2000: majani yakawa njano yakalegea, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina madoa kama kutu. Bwana shamba alituambia ugonjwa huo huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na pia na panga. Watu wazima wengi tulisikia tukaitikia kwa kichwa, kisha tukaenda kupogolea kwa panga lile lile.

Wasimamishe watoto ishirini kama migomba, mikono ikiwa majani. Mmoja awe mkulima, na mkono wake wa kuume ndio panga. Mgomba mmoja upakwe mkaa mkononi, watu wote waone. Ngoma ikipigwa mkulima apite akishika mkono wa kila mgomba, mgomba mmoja kwa kila pigo. Mkaa utasafiri. Kila mwenye mkaa ahesabu mapigo kumi, kisha aanze kunyauka taratibu kwa namna atakayoibuni yeye. Wengine wataanza na vidole, wengine na shingo. Waulize: mgomba huanza kunyauka wapi? Wapo watakaokimbia kwenda kuangalia kibanjani, nanyi msiwazuie.

Baadaye waulize ni nani waliobaki wazima, na kwa nini. Watagundua kwamba ni wale walioguswa kabla panga halijafika kwa mgonjwa. Mvulana mmoja akasema, "Basi bibi aanze na migomba mizima, amalize na migonjwa." Tulimsifu, kwa sababu alikuwa amefikiri kweli. Halafu tukacheza mara ya pili, lakini safari hii mkaa ulipakwa kwa siri, mkulima asijue ni nani. Mvulana yule ndiye aliyekuwa mkulima. Alisimama kwenye uwanja akiangalia migomba ishirini, yote imeinua majani vizuri, akashindwa kujua aanze na upi. Ndipo akauliza kama panga laweza kuoshwa kila mara. Laweza, kwa moto au kwa jiki. Na ua dume huondolewa kwa kijiti chenye panda, bila panga. Tulisikia baadaye kwamba baba yake alikataa kuazima panga kwa jirani, wakagombana kidogo. Hatukulipanga hilo.

La tatu ni mfano wa mpanzi, Mathayo 13. Watoto wawe mbegu katika udongo wa namna nne. Desturi yetu walimu ni kuwaambia, "Wewe wa njiani, kaa, wewe wa kwenye mwamba, nyauka." Msiwaambie. Wasomeeni mstari kwa mstari, nao waamue mwendo wao, ngoma ikipiga siku moja kwa kila pigo. Kundi la kwenye mwamba litasoma kwamba mbegu zake ziliota mara, kwa kuwa udongo haukuwa na kina. Basi hao watainuka wa kwanza, watakuwa warefu kuliko wote, na wale wa udongo mzuri watakuwa bado wamechuchumaa chini wakiwaonea wivu. Hapo simamisha ngoma. Uliza: ungekuwa mkulima, ukapita siku hii, ungesifu shamba lipi?

Katika mtaa wetu watoto wote walisifu mwamba. Ngoma ikaendelea, jua likatoka, wakaona walichokisifu.

Mmoja wa wale wazee wawili alikuwapo siku hiyo. Alikuja kutazama kosa, amekaa kwenye benchi la nyuma na fimbo yake. Baada ya somo akatuambia kwamba ameusoma mfano huo tangu ujana wake na kuuhubiri mara nyingi, wala hajawahi kuona kwamba ya kwenye mwamba ndiyo iliyotangulia kuota. Hatudai kwamba amegeuka. Bado anasema ngoma isiingie ndani ya kanisa, nasi tumekubali, tunafundishia chini ya mwembe. Ila mjukuu wake amerudi darasani.

Yeriko tunaigusa tu. Kwanza waulize watoto Waisraeli waliuzunguka mji mara ngapi kwa jumla. Watasema saba, wengine kumi na nne, na wako waliosema arobaini na tisa. Kisha wazungukeni kweli, kimya kama Yoshua alivyoamuru, mara moja kwa siku sita na mara saba siku ya saba. Wajihesabie.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa kubwa ni la mwalimu kuonyesha mwendo kabla ya mtoto kubuni. Ukishaonyesha, watoto sitini watakuiga wewe, na umefanya halaiki. Uliza, kisha ngoja. Kungoja ni kugumu. Wanachuo wetu hawakuweza kukaa kimya hata kwa muda wa kuvuta pumzi tatu.

Kosa la pili ni kusifu aliyecheza kwa madaha na kumsahau aliyecheza kwa maana. Yuko mtoto mzito wa miguu aliyeamua kwamba mbegu yake iliyoanguka njiani ijikunyate chini ya mkono wa ndege. Hakupendeza sana, lakini alikuwa amefikiri kuliko wote. Mwulize kila mmoja, "Kwa nini umefanya hivyo?" Asiye na sababu arudie. Hata mwenye sababu mbovu anayo sababu ya kujadiliwa.

Watoto wakiwa wengi, na katika shule zetu ni wengi siku zote, nusu wacheze na nusu watazame. Watazamaji wapewe kazi: waseme wameona nini, na kipi hakikulingana na kisa. Mara nyingi hao hujifunza zaidi. Mtoto mwenye ulemavu asifanywe mpiga ngoma wa kudumu kana kwamba ndiyo kazi pekee inayomfaa. Katika somo la Yeriko mtoto mmoja asiyeweza kutembea alikataa ngoma, akasema yeye atakuwa ukuta. Wenzake walimzunguka mara 13, na ni yeye aliyeamua ukuta unaanza kuanguka kutoka upande gani.

Kwa wazazi wanaohofia mavazi na kuchanganyika kwa wasichana na wavulana, tunasema hofu hiyo ni halali. Masomo haya hayahitaji viuno. Yanahitaji nafasi, nguo za kawaida za Jumapili na mwalimu anayeangalia. Na mzazi yeyote anaweza kuja kukaa kwenye benchi la nyuma, kama yule mzee.

Hesabu za shule zenyewe hazikatazi. Tangu 2005 mitaala ya serikali inataka mtoto ajenge umahiri, asikariri tu, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inaendelea na mwelekeo huo. Ila mwalimu mwenye watoto mia moja na chaki mbili ana haki ya kuuliza umahiri huo ataujengaje. Uwanja mkavu na ngoma moja havigharimu kitu.

Halmashauri itakaa baada ya ibada ya pili, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Saa moja kabla ya hapo, chini ya mwembe, walimu watafundisha somo la mpanzi kwa mara nyingine, na wajumbe wote wanakaribishwa kulitazama. Atakayefungua stoo tunamwomba aitoe ngoma mapema na kuiweka juani, maana tangu mvua zianze ngozi yake imelegea na mapigo hayasikiki.